Jahazi kuukuu: Mtaji au mzigo kwa mfanyabiashara mdogo?

MFANYABIASHARA wa nazi wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hulipa nauli ya mzigo kila anapopeleka nazi zake bara. Chombo kikichelewa, nazi hukaa ufukweni. Upepo ukiwa mbaya, hukaa zaidi. Kisha siku moja anasikia kwamba kuna jahazi la zamani linauzwa ng'ambo, kwa bei anayoweza kuifikia akiuza kipande cha shamba na kukopa kidogo kwa ndugu. Hapo hesabu inaanza kichwani: kwa nini aendelee kumlipa mwenye chombo wakati anaweza kuwa na chombo chake?

Swali hilo si la Mafia peke yake. Huulizwa pia Pangani, Bagamoyo, Kilwa, Unguja na Pemba, na wakulima wa minazi, wavunaji wa chumvi, wachuuzi wa dagaa na wenye maduka ya visiwani wanaopokea bidhaa kutoka mjini. Kwa wengi wao chombo kipya cha mbao hakishikiki kwa bei, hivyo kinachobaki ni kile ambacho mwingine amekwisha kukitumia miaka mingi.

Kosa katika ununuzi wa aina hii halirekebishiki kirahisi. Shamba lililouzwa halirudi, na jahazi lililooza ni vigumu kulipatia mnunuzi wa pili. Zaidi ya hapo, ndani ya jahazi huwamo watu, na mbao mbovu haiulizi nani ni tajiri na nani ni baharia. Ndiyo maana inafaa kupima faida na hasara kabla arubuni haijatolewa.

Kwa nini linauzwa?

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni sababu ya mwenyewe kuuza. Kwa kawaida sababu huwa mojawapo ya tatu: kazi ya njia hiyo imekwisha, chombo chenyewe kimekwisha, au mwenye chombo amezeeka ama amefariki na warithi hawataki bahari.

Kuisha kwa kazi si jambo la kubuni. Kwa miaka mingi mikoa ya kusini ya Tanzania ilikuwa na barabara mbaya, na lori lilipofika Mto Rufiji lilisubiri kivuko. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ilipoendelea kutandazwa hadi Lindi, mizigo mingi iliyokuwa ikipita baharini ilihamia barabarani. Hali kama hiyo iliwapata wenye majahazi ya Lamu, nchini Kenya, baada ya nchi hiyo kupiga marufuku usafirishaji wa boriti za mikoko kwenda nje mwaka 1982. Majahazi hayakuharibika siku ile. Kilichoharibika ni biashara iliyokuwa ikiyalisha.

Hivyo jahazi zima kabisa linaweza kuuzwa rahisi kwa sababu tu halina tena kitu cha kubeba. Mnunuzi akilinunua na kulirudisha kwenye njia ileile, amenunua hasara ya mwenzake.

Mahali ambapo tanga bado lina kazi ni pale lori lisipofika: visiwa kama Mafia, Songosongo, Kwale na Koma, vijiji vya ndani ya delta ya Rufiji, na baadhi ya njia fupi kati ya visiwa vya Zanzibar na pwani ya bara. Hata huko, vyombo vya injini vinazidi kuchukua abiria na mizigo ya haraka. Tanga limebaki na mizigo mizito isiyo na haraka.

Sababu ya tatu, yaani uzee au mirathi, ndiyo inayomfaa mnunuzi zaidi, kwani chombo huwa kizima na kazi yake ipo. Lakini nayo ina miiba yake, kama itakavyoonekana katika suala la hati.

Faida zake

Faida iliyo wazi ni upepo. Mwaka 2022 bei ya petroli na dizeli nchini Tanzania ilivuka Sh3,000 kwa lita, na wenye boti za injini walilazimika ama kupandisha nauli ama kupunguza safari. Mwenye tanga hakuguswa moja kwa moja. Kwa mzigo wenye thamani ndogo kwa uzito wake, kama nazi, makuti, chumvi au mawe, gharama ya mafuta inaweza kula faida yote.

Faida ya pili ni mbao. Miti iliyotumiwa na mafundi wa zamani kwa mkuku na mbao za ubavuni, kama mbambakofi na mvule, imekuwa adimu na ghali, na uvunaji wake unahitaji kibali. Jahazi la miaka mingi ambalo mkuku wake ni wa mti mgumu, tena ni mzima, linaweza kuwa na kitu ambacho fundi wa leo angehangaika sana kukipata.

Ya tatu ni kwamba jahazi hutengenezeka ufukweni. Fundi mwenye tezo, keekee, nyundo na patasi anaweza kubadili ubao mmoja bila kulipeleka chombo kwenye karakana ya mjini. Tumbo lake huliwezesha kukaa juu ya mchanga maji yanapokupwa na kupakia mahali pasipo na gati, jambo ambalo meli ya chuma haiwezi.

Ya nne ni uhuru wa ratiba. Mwenye mzigo wake na chombo chake hapangi foleni. Nazi zinapopanda bei mjini, anaweza kung'oa nanga bila kumsubiri mtu.

Hasara zisizotajwa na muuzaji

Muuzaji hutaja bei ya kununua. Hataji bei ya kutunza. Chombo cha mbao hula fedha hata kikiwa kimetia nanga. Kila baada ya miezi michache lazima kipandishwe, kikwanguliwe chaza na mwani, kikaguliwe na kupakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa unaozuia wadudu wa baharini wasitoboe mbao. Kalafati, yaani pamba inayoshindiliwa katikati ya mbao, huchoka na kutakiwa kutolewa na kutiwa upya. Kamba hukatika, tanga hupasuka, misumari huliwa na kutu. Jahazi jipya huhitaji hayo yote, lakini kuukuu huyahitaji mara nyingi zaidi.

Hasara ya pili ni kalenda. Tanga halifanyi kazi miezi 12. Upepo wa kusi, unaoanza takriban Aprili na kuwa mkali kati ya Juni na Agosti, huchafua bahari kiasi kwamba vyombo vidogo hulala siku kadhaa mfululizo. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, ina siku zake nzuri na siku zake mbaya. Katikati kuna maleleji, upepo unapogeuka na pengine kukosekana kabisa. Kuna pia matukio yasiyo ya kawaida: mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika eneo la Mafia na pwani jirani, na usafiri wa baharini ukasimama. Mwenye duka aliyeahidi kupokea saruji Jumatano hawezi kuambiwa kila mara kwamba upepo umekataa.

Ya tatu ni mtaji kufungwa mahali pamoja. Jahazi la mbao la miaka mingi si dhamana inayopendwa na mabenki, na bima yake si rahisi kupatikana bila ukaguzi na masharti mazito. Likizama bila bima, mtaji wote umezama nalo, pamoja na mzigo ambao huenda si wa mwenye chombo.

Hesabu ya muuzaji na hesabu ya bahari

Tofauti kati ya mtaji na mzigo huonekana vizuri zaidi kwenye karatasi. Mfano ufuatao ni wa kuonyesha njia ya kupiga hesabu tu. Tarakimu zake si bei za soko, na kila mnunuzi anapaswa kuweka za mahali pake.

Chukua jahazi linalouzwa Sh12 milioni. Nauli ya mzigo mmoja kwenda bara ni Sh900,000. Ukitoa chakula cha mabaharia, ushuru na gharama nyingine ndogo, tuseme Sh200,000, zinabaki Sh700,000. Kwa desturi ya mgawo wa nusu kwa nusu kati ya chombo na mabaharia (mgawo hutofautiana kati ya bandari na bandari), chombo kinapata Sh350,000 kwa safari.

Hesabu ya muuzaji ni hii: safari 4 kwa mwezi, miezi 12, jumla safari 48. Chombo kinaingiza Sh16.8 milioni kwa mwaka. Bei yake inarudi katika miezi tisa.

Hesabu ya bahari ni tofauti. Kabla jahazi halijabeba kitu, linahitaji matengenezo, tuseme Sh5 milioni, na tanga, kamba na hati, tuseme Sh2 milioni. Gharama ya kweli ni Sh19 milioni. Ukiondoa miezi ya upepo mkali na siku za kupandishwa ufukweni, miezi ya kazi ni minane, safari 3 kwa mwezi, jumla safari 24. Chombo kinaingiza Sh8.4 milioni. Ondoa matunzo ya mwaka ya Sh3 milioni, zinabaki Sh5.4 milioni. Mtaji unarudi baada ya miaka mitatu na nusu.

Safari zikishuka hadi 16, mapato ya chombo ni Sh5.6 milioni, na baada ya matunzo zinabaki Sh2.6 milioni. Hapo mtaji unarudi baada ya zaidi ya miaka saba, muda ambao jahazi kuukuu huenda lisiufikie.

Sasa tazama upande wa pili. Jahazi lilelile likipata mzigo wa kurudi, hata kwa nauli ndogo ya Sh400,000, huku gharama za safari zikiwa karibu zilezile, chombo kinaongeza Sh200,000 kwa kila safari. Kwa safari 24 hizo ni Sh4.8 milioni. Kinachobaki kwa mwaka kinafika Sh10.2 milioni, na mtaji unarudi kabla miaka miwili haijaisha.

Kwa hiyo kinachoamua faida ni mzigo wa kurudi kuliko bei ya kununulia. Na hapa ndipo biashara inapokutana na ufundi. Mzigo wa kwenda bara, kama nazi au makuti, haudhuriki sana kwa maji kidogo ya chini. Mzigo wa kurudi kisiwani ni saruji, unga, sukari na bidhaa za duka. Jahazi linalovuja haliwezi kuubeba. Mfuko wa saruji ulioloa ni jiwe, na mwenye duka aliyeletewa mawe mara moja hatarudi mara ya pili.

Maana yake ni kwamba jahazi linalovuja huingiza nauli ya upande mmoja tu. Maji ya ngama yanaingia moja kwa moja kwenye daftari la mapato. Kukagua chombo si kazi ya kumwachia fundi peke yake. Ni sehemu ya kupiga hesabu.

Namna ya kulikagua

Wakati mzuri wa kwenda kuliona jahazi ni bamvua, siku za mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana na chombo kukaa kikavu mchangani. Anayeonyeshwa jahazi likielea ameonyeshwa nusu yake. Mnunuzi aende na fundi wake mwenyewe, asiyekuwa na undugu wala biashara na muuzaji, na amlipe siku yake.

Kazi ianze na mkuku. Asimame nyuma ya chombo, ainame, atazame mstari wa mkuku kutoka tezi hadi omo. Ukiwa umepinda, katikati umeinuka na ncha zimelala, chombo kimechoka mgongo. Ubao hubadilishwa na taruma hubadilishwa, lakini kubadili mkuku ni karibu sawa na kuunda chombo kingine.

Kisha aingie ndani, aondoe mbao za sakafu ya falka na kutazama mataruma yanapokutana na mkuku. Wengi hudhani maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao. Mwozaji mkubwa ni maji ya mvua yanayotuama ndani, hasa katika chombo kilicholala miezi mingi bila kufunikwa. Kisu kikizama katika taruma kama kwenye muhogo uliochemshwa, taruma hilo limekwisha. Mawili matatu ni matengenezo ya kawaida. Nusu ya mataruma ni chombo kingine.

Chini ya mstari wa maji, adui ni mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Tundu lake la kuingilia ni dogo kama ncha ya sindano, na kwa nje ubao huonekana mzima. Ndani amechimba mifereji mipana. Ndiyo maana fundi hugonga kila ubao kwa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima hutoa mlio mkavu. Ulioliwa hulia bubu.

Misumari nayo ina lake la kusema. Michirizi ya kutu kwenye mbao inaonyesha misumari imeanza kuliwa, na msumari ulioliwa haushiki ubao kwenye taruma. Aombe mmoja au miwili ing'olewe. Muuzaji anayekataa msumari mmoja kung'olewa amekwisha kujibu swali.

Kuna mambo matatu ambayo yanapaswa kumtia mnunuzi shaka mara moja. La kwanza ni rangi mpya au lami iliyopakwa juzi: jahazi linalouzwa halina haja ya kupambwa, isipokuwa kuna kitu chini yake. La pili ni viraka vya bati. La tatu ni saruji iliyomwagwa ndani kwenye ngama. Saruji huzuia maji yasionekane kwa muda, huku mbao zikiendelea kuoza chini yake bila mtu kuziona.

Baada ya hapo chombo kishushwe majini. Jahazi lililokaa juu muda mrefu huvuja siku za mwanzo, kwa kuwa mbao zimekauka na kuachana. Zikinywa maji huvimba na kujibana. Hilo si ugonjwa. Kipimo ni siku ya tatu au ya nne: je, maji yanapungua au yako palepale? Dodoso bora ni kwa mabaharia wenyewe, tena wakiwa mbali na tajiri wao. Waulizwe swali moja tu: usiku mkiwa mmetia nanga, mnaamka mara ngapi kufua maji? Anayejibu kwamba hulala hadi alfajiri anaeleza chombo kizuri. Anayecheka anaeleza kingine.

Mwisho, ifanyike safari moja ya majaribio yenye mzigo. Jahazi tupu linaelea juu na kuficha mbao za ubavuni ambazo huingia majini likijaa. Ni mbao hizohizo, zinazokauka leo na kuloa kesho, ambazo kalafati yake hufunguka haraka zaidi. Katika safari hiyo ndipo mlingoti, foromali, henza na tanga vitazamwe vikiwa kazini.

Wapo wanaofikiri kwamba udhaifu wa tanga utatibiwa kwa kufunga injini. Injini husaidia upepo unapokosekana na wakati wa kuingia bandarini. Lakini mtikisiko wake hulegeza misumari na kalafati ya chombo ambacho hakikuundwa kwa ajili yake. Jahazi ambalo halifai kwa tanga halitafaa kwa injini, na gharama ya mafuta iliyokuwa ikikimbiwa itakuwa imerudi.

Hati, sheria na magendo

Jahazi ni mali inayosajiliwa. Upande wa Tanzania Bara, usajili na ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini uko chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililochukua kazi hiyo mwaka 2018 kutoka iliyokuwa SUMATRA. Zanzibar kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, na Kenya ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya nchi hiyo. Mnunuzi anayetoka upande mmoja na kununua upande mwingine aulize mapema taratibu za kuhamisha usajili.

Jina lililo katika cheti ndilo lenye haki ya kuuza. Kama mwenye jina hilo amefariki, mwana mkubwa hawezi kuuza kwa sababu tu ndiye aliyekuwa akilisimamia. Anatakiwa msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria, na ni salama zaidi warithi wote wakitia saini. Jahazi lililonunuliwa kwa mrithi mmoja linaweza kumletea mnunuzi kesi na warithi wengine watano, tena baada ya yeye kulitengeneza kwa fedha zake.

Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi na viongozi wa mtaa au kijiji, na malipo yagawanywe: arubuni kwanza, na sehemu kubwa baada ya ukaguzi, safari ya majaribio na uhamisho wa hati. Mkataba ueleze pia kama tanga, nanga, kamba na mtumbwi mdogo vimo katika bei. Vitu hivyo vikitoweka usiku wa kuamkia makabidhiano, gharama yake si ndogo.

Yapo pia yaliyopita ambayo chombo hubeba. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa chombo kidogo kilichotumika kusafirishia magendo. Jahazi lililokuwa likishusha sukari au mafuta ya kula usiku kwenye bandari bubu linajulikana na vyombo vya dola kwa rangi na kwa tanga lake. Mmiliki mpya atasimamishwa mara nyingi kuliko wengine hata akiwa amebeba nazi tupu. Kadhalika, mkaa, magogo na mikoko visivyo na kibali cha misitu si mzigo wa kuendea hesabu. Faida inayotegemea kutokamatwa haipaswi kuingizwa kwenye mchanganuo wa biashara.

Nahodha na ubia

Jahazi bila nahodha ni mbao zilizopangwa vizuri. Manahodha wanaojua tanga, wanaosoma rangi ya maji juu ya mwamba na kujua lini pepo zitageuka, wanazidi kuwa wachache, kwani vijana wengi hupendelea injini au kazi za nchi kavu. Anayenunua jahazi akitarajia kumpata nahodha baadaye ameanza kinyume. Nahodha apatikane kwanza, naye awemo katika ukaguzi, kwa sababu ndiye atakayekuwa ndani siku ya dhoruba. Akisema hatalipeleka bahari ya nje, maneno yake yana uzito kuliko ya muuzaji na ya mnunuzi pamoja.

Maboya ya kuokolea maisha kwa kila aliyemo, taa, simu au redio, na kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kung'oa nanga, yote yaingizwe katika gharama za lazima. Kupakia abiria juu ya mzigo ili kuongeza fedha, bila chombo kuruhusiwa kubeba watu, ni biashara iliyokwisha kuzalisha misiba ya kutosha katika pwani hii.

Ubia ni njia nyingine. Wafanyabiashara watatu wenye mzigo wa njia moja wanaweza kununua kwa pamoja jahazi bora kuliko ambalo kila mmoja angelimudu peke yake, na kuhakikisha halikosi mzigo. Lakini manahodha wengi chombo huenda mrama. Wabia waandikiane tangu mwanzo nani anaamua safari, nani anashika daftari, na kiasi gani cha kila safari kinawekwa kando kwa matunzo. Ubia mwingi huanza kuvunjika siku kalafati inapohitajika na mfuko ukakutwa mtupu.

Nani anunue, nani aache?

Kwa kuyaweka yote pamoja, jahazi kuukuu linaweza kumfaa mtu mwenye mambo manne kwa wakati mmoja: mzigo wake mwenyewe wa kujaza sehemu kubwa ya safari, wateja wa mzigo wa kurudi, nahodha anayemwamini, na fedha za matengenezo zilizo nje ya fedha za kununulia. Mtu huyo akipata chombo chenye mkuku mzima na hati safi, umri wa chombo si kikwazo.

Anayenunua kwanza ndipo atafute mzigo asubiri. Vivyo hivyo anayetumia senti yake ya mwisho kulipa bei ya muuzaji. Jahazi lake litaanza kudai kabla halijaanza kulipa, na litalala ufukweni likinyeshewa mvua hadi nalo liingie katika orodha ya majahazi yanayouzwa rahisi. Kwake yeye ni afadhali kuanza na mashua ndogo, kukodi jahazi zima kwa msimu mmoja na kuandika mapato na matumizi ya kila safari, au kuendelea kulipa nauli huku akijadiliana bei pamoja na wenzake.

Msimu mmoja wa kukodi una faida nyingine. Utamwonyesha kwa kalamu yake mwenyewe ni safari ngapi bahari iliruhusu, na mara ngapi jahazi lilirudi tupu. Akiwa na tarakimu hizo mbili mkononi, ndipo aende kumsikiliza muuzaji.